Sindano Moja kwa Mwezi

Kiwandani walimwita Mstari, na jina hilo hakupewa bure. Kuna mwaka walikuwa wakichapa kalenda, rangi nyekundu ikatoka nje ya nyeusi kwa upana wa unywele. Msimamizi akasema iacheni iende, nani atakaa na kalenda akiipima kwa rula? Mstari akazima mashine. Karatasi elfu tatu zikaenda kwenye pipa, kazi ikaanza upya, na yeye akaitwa ofisini kujieleza.

"Mnasema nani ataona," aliwaambia. "Mimi nimeshaona."

Walimfokea mpaka wakachoka, lakini hawakumfukuza. Hapakuwa na mchapaji mwingine aliyeweza kulaza rangi nne moja juu ya nyingine zikatulia kama zimezaliwa pamoja.

Alipostaafu, nyumba ilimshinda. Alinyoosha picha za ukutani ambazo hazikuwa zimepinda. Alimfundisha mkewe namna ya kupanga sahani alizokuwa akizipanga vizuri kwa miaka thelathini na minne. "Baba wewe," mkewe alimwambia siku moja, "hebu toka nje ukahesabu magari. Yakifika mia ndiyo urudi."

Kazi ya maana iliyombakia ilikuwa moja, nayo ilikuwa ya dakika tano. Kila asubuhi alimchoma mkewe sindano. Mkewe alikuwa na ugonjwa wa mifupa. Ilikuwa ikilika ndani kwa ndani, na tayari alikuwa amevunjika mkono kwa kufunga dirisha tu. Dawa ilikuwepo, ila ilikuwa ya kuchoma, kila siku ya Mungu, leo paja la kulia, kesho la kushoto, na mapaja yote mawili yalikuwa yamejaa alama kama ramani ya mji. Mama huyu hakuwa mtu wa kulalamika. Aligeuza uso ukutani na kusema, "Haya, mhudumu, fanya kazi yako," na Mstari akafanya.

Walijaliwa mtoto mmoja, binti, naye alikuwa daktari, si wa wagonjwa bali wa kemia. Baba yake alimtania akimwita Daktari wa Chupa. Alikuwa mkuu wa maabara ndogo ya utafiti upande wa pili wa mji, na kila Jumapili alikuja kula na wazazi wake. Jumapili moja akaja na bahasha, na hata kabla sahani hazijaondolewa mezani akachomoa kipande cha plastiki nyembamba inayong'aa, na lenzi.

"Baba, niangalizie hiki kitu. Mimi nimeangalia mpaka macho yananitoka."

Mstari akaweka lenzi jichoni. Akaona vikombe vidogo mno, safu kwa safu, kila kimoja kidogo kuliko punje ya chumvi, na juu ya kila kikombe kifuniko. Hakuchukua hata dakika.

"Upande huu vifuniko vimekaa," alisema. "Upande ule vimehama. Vinahama kidogo kidogo, kadiri unavyokwenda kulia. Hizi karatasi mbili, ya vikombe na ya vifuniko, mnaziweka wapi?"

"Ya vikombe inatoka kwenye mashine, ina joto. Ya vifuniko inakaa stoo, kwenye baridi."

"Basi hazijalala chumba kimoja. Moja imevimba, nyingine imesinyaa, halafu mnazifungisha ndoa. Zitaelewana wapi?"

Binti yake aliangua kicheko, kisha, jambo la ajabu, machozi yakamlengalenga. Miezi minane, alisema, miezi minane yeye na wenzake wamebadilisha mashine, wamebadilisha plastiki, wamegombana. Akamweleza baba yake walichokuwa wakikitafuta. Plastiki hiyo ilikuwa ya aina inayoyeyuka mwilini taratibu bila madhara. Ukitengeneza kikombe, ukakijaza dawa na kukifunga vizuri, unapata kapsuli ndogo inayopita kwenye tundu la sindano. Ukuta wake ukiwa mwembamba, inafunguka mapema. Ukiwa mnene, inakawia. Kwa hiyo ukichanganya kapsuli za kuta tofauti kwenye sindano moja, leo zitafunguka hizi, kesho zile, keshokutwa nyingine, mpaka mwezi uishe.

"Badala ya sindano thelathini," alisema, na hapo akamtazama mama yake, "moja."

Mama akaacha kukusanya sahani. Mstari akaweka lenzi chini polepole.

"Kesho saa ngapi mnafungua?" aliuliza.

Hivyo ndivyo Mstari alivyorudi kazini akiwa na miaka sitini na mitatu. Walimpa koti jeupe lililomfika magotini na kofia ya wavu kichwani, naye mkewe alipomwona kwenye picha alicheka hadi akashika ubavu. Lakini kazi aliijua tangu siku ya kwanza. Wenzake walizungumza kwa maneno marefu, yeye akaona uchapaji. Kulikuwa na kalibu ya mpira iliyojaa mashimo madogo. Plastiki iliyolainishwa kwa joto ilikandamizwa humo, ikatoka karatasi ya vikombe. Kulikuwa na kichwa cha kuchapia, ndugu wa kile kilichomo kwenye mashine ya kawaida ya ofisini, ila hiki badala ya wino kilidondosha dawa, tone baada ya tone, kikombe baada ya kikombe. Vifuniko vilichapwa kwenye karatasi yao kwa wavu na mpira wa kukwangulia, kama watu wanavyochapa maandishi kwenye fulana. Mwisho vifuniko vililazwa juu ya vikombe, rola ya moto ikapita, vikashikana.

Fundi wa mitambo, mtu mzima mpole ambaye kila mtu alimwita Miwani, ndiye aliyekuwa mwenzake wa karibu. Mstari alimfundisha kuzilaza karatasi zote mbili chumba kimoja, usiku mzima, kabla ya kuzigusa. Alichora misalaba midogo kwenye pembe nne ili waone kwa jicho kama karatasi zimekaa. Kisha akagundua jambo ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote. Rola ilipopita, joto liliisukuma karatasi ya juu mbele kidogo, kwa hiyo ilibidi kuilaza nyuma makusudi, ikiwa imepinda kwa kipimo ambacho vidole vyake vilikijua na mdomo wake haukuweza kukisema. "Unaikosesha ili joto liisahihishe," alimwambia Miwani, na Miwani akakuna kichwa.

Mwezi wa tatu, kapsuli tisini na nane katika kila mia zilikuwa zimefungwa vizuri. Kwenye kibakuli zilionekana kama unga. Binti yake alimkumbatia mbele ya watu wote.

Nyumbani, kila jioni, Mstari alimsimulia mkewe. Alichora kwenye migongo ya bahasha, alionyesha kwa vijiko na vifuniko vya chupa. Mkewe alimkalia mbele akiuliza. Zile za siku ya thelathini kuta zake zina unene gani? Na zikifunguka zote siku moja? Naye alijibu kila swali mpaka mwisho. Asubuhi, akimchoma, alisema, "Vumilia, mama. Hizi zinahesabika sasa." Aliamka akipiga mluzi. Majirani walisema mzee kavua miaka kumi kaiacha kitandani.

Kulikuwa na mambo mawili matatu ambayo, baadaye, alijilaumu kwa kuyapita. Katikati ya mwaka kichwa cha kuchapia kilianza kudondosha mafuta badala ya dawa, mafuta yenye rangi ya waridi. Aliuliza. "Ni ya majaribio tu, baba," binti yake alisema. "Dawa yenyewe hatuwezi kuichezea." Jibu lilikuwa na akili. Kisha akaambiwa apunguze unene wa kuta, zote, ziwe sawa na nyembamba kabisa.

"Kuta hizi zitapasuka hata kwa kidole," alisema.

"Ndiyo tunataka kujua zinapasukia wapi."

Nalo hilo lilikuwa na akili. Na aliyesema alikuwa mwanawe, ambaye yeye mwenyewe alimbeba mgongoni na kumfundisha kusoma kwa herufi za madini ya risasi za kiwandani. Mstari akapunguza kuta.

Mgeni alikuja mwezi wa kumi na moja, siku ya Jumatano, kabla ya saa sita. Binti yake alikuwa ameitwa nje kwenye mkutano. Miwani alimpokea, mtu mchangamfu mwenye viatu vinavyong'aa, na mara akaletwa hadi kwenye meza ya rola.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye Mstari?"

"Marahaba. Ndiye mimi."

"Basi mkono wako niushike kwa mikono miwili. Mimi ni meneja kutoka kampuni. Nimesikia habari zako nikasema leo lazima nimwone huyu mtu kwa macho." Akafungua mkoba, akatoa kopo dogo la kioo lenye kifuniko cha dhahabu. "Nimekuletea lako, la kwanza kabisa, hata dukani halijafika."

Mstari alidhani ni zawadi, labda ya mkewe. Meneja akalifungua. Ndani mlikuwa na krimu nyeupe, na kwenye krimu vidoa vya waridi, vidogo, vyote ukubwa mmoja, vimetawanyika kama nyota.

"Lete mkono. Hapa nyuma. Sugua sasa, sugua mzee, usiogope."

Akasugua. Vidoa vikapasuka chini ya kidole chake, kimoja kimoja, akavihisi, na harufu ya maua ikapanda ikamjaa pua.

"Umeona? Kila mteja akisugua uso, harufu mpya. Wenzetu wana kapsuli pia, lakini zao kubwa na ndogo, zinakwaruza. Zako ni kama zimehesabiwa na malaika. Tunaanza na makopo elfu hamsini."

Mstari aliutazama mkono wake. Kisha, kwa sababu ndiyo tabia yake, akachota krimu kidogo kwa ncha ya ukucha, akaipaka kwenye kioo, akaiweka chini ya hadubini. Zilizosalimika zilikuwa na ukingo wenye mkato mdogo upande mmoja, kasoro ya kalibu namba mbili, ambayo yeye mwenyewe aliiona na kuisamehe kwa kuwa haikuharibu kitu. Zilikuwa zake.

"Na dawa?" aliuliza.

"Dawa gani?" alisema meneja, na kwa kweli hakujua.

Miwani alikuwa anatazama sakafu.

Binti yake aliporudi, alimkuta baba yake stoo, amesimama kati ya marobota ya plastiki, koti jeupe amelivua na kulikunja vizuri juu ya kiti. Aliona uso wake, akafunga mlango.

"Tangu lini?" Mstari aliuliza.

"Baba, kaa kwanza."

"Tangu lini?"

"Mwezi wa nne."

Mstari akahesabu kwa vidole. Mwezi wa nne ulikuwa mwezi ule ule uliofuata ushindi wao. Binti alimkumbatia, na wiki chache baadaye akageuza kazi nyuma ya mgongo wake.

Binti yake akaanza kueleza, maneno yakifuatana mbiombio kama mtu aliyeyakariri muda mrefu. Wafadhili wa dawa walijitoa. Walituma barua ya mistari sita. Maabara ingefungwa, watu kumi na mmoja wangekwenda nyumbani, mashine zingeuzwa. Kampuni ya vipodozi ikaja. Akafikiri, mwaka mmoja tu, tufanye kazi yao, tuzilinde mashine, tuwalinde watu, halafu turudi kwenye dawa. Alikuwa bado anataka kurudi. Aliapa.

"Mimi sikukuuliza kwa nini ulichukua kazi ya krimu," Mstari alisema. "Ungeniambia mambo yamekuwa hivi, ningekuelewa. Nimefanya kazi kiwandani, najua mashine inakula nini. Mbona hukuniambia?"

"Kwa sababu ungeacha."

"Ningeacha, ndiyo. Au nisingeacha. Si ungeniuliza? Hilo lilikuwa langu kuamua, siyo lako."

"Bila wewe vifuniko visingekaa, baba. Unajua hivyo."

Akasema hivyo kama sifa, labda. Mstari aliyasikia maneno yakimwingia polepole kama maji baridi kwenye kiatu. Kwa hiyo yote, kumbatio, kule kuwaambia watu "baba yangu ndiye aliyetuokoa", picha ya koti jeupe, yote yalikuwa kilemba cha ukoka ili mikono iendelee kufanya kazi.

"Miezi saba," alisema, "nimemchoma mama yako nikimwambia zinahesabika. Ulinisikia nikisema pale mezani, Jumapili kwa Jumapili. Ukakaa. Ukala. Ukaniomba nikusogezee chumvi."

Binti yake alifunika uso. Mstari hakungoja mikono ishuke. Alipita pembeni yake, akatoka, na Miwani aliyekuwa koridoni akajibana ukutani kumpisha.

Alikwenda kwa miguu, mji mzima. Njiani aliingia kwenye choo cha kituo cha mafuta akaosha mkono kwa sabuni, mara mbili, akaukausha kwenye suruali. Harufu haikutoka. Ilikuwa kazi nzuri mno. Kilichomkaa kifuani kilikuwa jambo moja, atamwambiaje mkewe. Aliyapanga maneno, akayapangua. Alimwona kwa mawazo akikaa chini, akishika kiti. Alijiambia, nitaanza na kumwomba msamaha, maana mdomo uliomdanganya ni wangu, hata kama sikujua.

Mkewe alikuwa sebuleni anashona kifungo cha shati. Mstari akaketi mkabala naye. Hakuwa amefungua mdomo. Mkewe akainua kichwa, pua ikacheza mara moja, macho yakashuka kwenye mkono wake.

"Wamekuonyesha," alisema.

Mstari akaurudisha mkono mapajani.

"Umesema nini?"

Mama alijua papo hapo kwamba limemponyoka. Akachoma sindano ya uzi kwenye shati, akaliweka kando, akakaa wima.

"Alikuja kuniambia mwezi wa sita," alisema. "Siku ulipokwenda kwa daktari wa meno. Alilia hapo ulipokaa, mkononi ana harufu hiyo hiyo. Nikamwambia amwambie baba yake. Nikampa wiki. Wiki ikapita…" Akautazama tena mkono wa mumewe. "Halafu mimi mwenyewe nikamwambia asikuambie."

"Wewe."

"Ulikuwa unapiga mluzi, baba. Miaka miwili tangu ustaafu sikusikia mluzi nyumba hii. Ulikuwa unakula. Ulikuwa unanichorea vikombe. Nikasema, mimi sindano nimezizoea, ni kitu cha dakika tano. Lakini huyu nikimrudisha kwenye kunyoosha picha, atakufa."

"Na maswali?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kila jioni ulikuwa unaniuliza. Za siku ya thelathini zina unene gani. Juzi umeniuliza! Nimekujibu nusu saa nzima!"

"Nilipenda ulivyokuwa unajibu."

Alisema kwa upole kabisa, na pengine katika maisha yao yote hakuwahi kumwambia neno la mapenzi lililo kweli zaidi ya hilo. Lakini Mstari alisikia kitu kingine. Alijiona jioni zote zile, mzee na vijiko vyake na vifuniko vya chupa, akieleza, akisisitiza, mbele ya mtu anayejua kwamba hakuna kitu. Uongo wa binti ulikuwa na sababu za nje, wafadhili, mashine. Huu ulikuwa wa ndani, umekaa naye meza moja na kulala naye kitanda kimoja.

"Mlinifanya mtoto," alisema. "Wawili nyinyi mlikaa mkaamua mzee apewe mwanasesere."

"Si hivyo."

"Ni vipi basi?"

Mkewe akalichukua shati, akaendelea na kifungo.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa na watu wawili na redio. Mstari alimchoma mkewe kila asubuhi, kwa uangalifu ule ule, bila neno. Simu ya binti yake iliita, ikanyamaza, ikaita. Jumapili binti alikuja, akasimama mlangoni, baba yake akatoka kwa mlango wa nyuma akazunguka mitaa mpaka gari lilipoondoka.

Siku ya kumi, mkewe akiwa amegeuza uso ukutani, alisema, "Ukitaka kunichoma kwa hasira, sawa. Lakini nisemeshe. Hata nitukane. Ukuta huu nimeshauchoka, hauna habari."

Mstari alicheka kabla hajajizuia, pumzi ya puani tu. "Ukuta unakuambia ukweli," alijibu. Lilikuwa jibu kali, lakini lilikuwa jibu. Kuanzia hapo walisemezana, kuhusu maji, kuhusu mvua, kuhusu jirani. Habari ya kapsuli hawakuigusa.

Wiki ya tatu akaja Miwani. Hakukaa hata alipokaribishwa. Vifuniko vimeanza kuhama tena, alisema. Amelaza karatasi chumba kimoja, amefuata misalaba, lakini ule upindo wa mwisho, ule wa kuikosesha makusudi, haupati. Nusu ya kazi inakwenda kwenye pipa. Kampuni imeanza kupiga simu kwa ukali.

"Yeye ndiye amekutuma?" Mstari aliuliza.

"Hapana. Hajui niko hapa. Nimekuja mwenyewe." Miwani akavua miwani yake akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Na mimi nilijua, mzee. Wote tulijua. Kila asubuhi ukiingia na salamu zako nilitamani ardhi inimeze. Siji kukuomba unisamehe. Nakuomba unifundishe, maana nina watoto wanne."

Kuna sehemu ya Mstari iliyotaka kusema viache vihame, makopo elfu hamsini yakwaruze nyuso za watu mpaka kampuni ilie. Aliionja sehemu hiyo, akaiona ina ladha nzuri. Lakini Miwani alikuwa mtu wa kwanza kumwambia ukweli bila kubanwa.

Mstari alikwenda maabara siku mbili. Hakuvaa koti jeupe. Alimshika Miwani vidole, akavilaza juu ya karatasi, akavisukuma, akavirudisha, tena na tena, kama mtu anayemfundisha kipofu kusoma, mpaka vidole vikajua. Binti yake alikaa ofisini kwake nyuma ya kioo, akitazama. Siku ya pili alitoka akasimama hatua chache kutoka kwao.

"Asante, baba."

"Namfundisha mwenzangu," Mstari alisema bila kugeuka.

Krimu ikaingia madukani, ikapendwa. Mstari hakurudi maabara. Alipata vibarua viwili vitatu vya kurekebisha mashine kuukuu kwenye viwanda vidogo vya uchapaji, akajishughulisha. Binti yake aliendelea kuja Jumapili, na baada ya miezi kadhaa baba yake aliacha kutokea mlango wa nyuma. Walikula pamoja. Walizungumza habari za hali ya hewa na magari, kwa adabu, kama wasafiri waliokutanishwa na safari.

Mwaka mmoja na zaidi kidogo ukapita hivyo. Kisha Jumapili moja binti yake hakugusa chakula. Alikuwa amepata wafadhili wapya, alisema. Wa dawa. Wa dawa ya mifupa hasa, ile ile ya mama. Ilikuwa imechukua muda kwa sababu alikuwa akiandika maombi kila wiki tangu siku ile ya stoo, na mara kumi na nne alikataliwa. Ingehitaji miaka kabla ya mgonjwa yeyote kuchomwa, hakutaka kudanganya mtu kuhusu hilo. Lakini kazi ingeanza mwezi ujao. Na kuta za unene tofauti tofauti, tangu zile za siku ya kwanza hadi za siku ya thelathini, hakuna anayeziweza.

"Nakuomba urudi, baba."

Mama alitazama sahani yake. Safari hii hakuuliza swali lolote.

"Barua yao unayo?" Mstari alisema.

"Ninayo. Nimekuja nayo."

"Lete."

Ilikuwa na kurasa tisa. Mstari akavaa miwani ya kusomea, akaanza ukurasa wa kwanza, mstari kwa mstari, kidole kikitembea chini ya maneno. Hakuna aliyeondoa sahani. Alipofika mwisho alirudi ukurasa wa nne akausoma tena. Kisha akageuza wa mwisho, ambako chini ya sahihi kulikuwa na jina la mhusika na namba ya simu, pamoja na maneno kwamba anapatikana siku zote. Akachukua simu yake.

"Baba," binti yake alisema taratibu.

Mstari alibonyeza namba moja moja, akiilinganisha na karatasi, akaweka simu sikioni. Iliita muda. Mtu akapokea.

"Samahani kukusumbua siku ya mapumziko," Mstari alisema. "Mimi ni mchapaji. Nina barua yenu hapa mkononi, nataka kuhakikisha tu. Hizi kapsuli ni za nini?"

Akasikiliza. Aliuliza tarehe, akauliza aina ya dawa, akaomba airudie. Binti yake alikuwa ameketi mikono mapajani, ameinamisha kichwa kama mwanafunzi anayepekuliwa mfuko mbele ya darasa, na hakujitetea.

"Ahsante sana. Siku njema." Mstari akakata simu. Akazipanga kurasa tisa, akazigonga mezani zikalingana, akamrudishia.

"Nitakuja Jumatatu ya kwanza ya mwezi," alisema.

Binti yake akazipokea, akaanza kulia, na haikuwa furaha. Mama alinyoosha mkono akamshika bega. Mstari aliwaona wote wawili, akatamani kusema neno la kuwalainishia, akalitafuta kwa moyo wake wote. Halikuja. Akainuka, akakusanya sahani, akaenda kuziosha.